Mwanangu Alipeleka Kosa Lake kwa Halima

Kuna mwalimu mmoja ninayemwonea wivu, na naona nitakufa nao. Hajawahi kunikosea. Hajanitukana, hajanisengenya, na nikiugua huja kuniona na matunda. Anaitwa Halima. Tulifundisha naye miaka mingi katika shule moja ya msingi nyuma ya soko la Kariokor, na sasa sote wawili tumestaafu. Nyinyi vijana mnaoanza ualimu mmeniomba niwaambie neno kuhusu nidhamu, haki za watoto na matokeo ya mtihani. Hotuba ninazo, niliwahi kulipwa marupurupu kwa kuzitoa, lakini hotuba husahaulika kabla ya chai ya saa nne. Nitawasimulia wivu wangu. Mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyajua nikiwa nimenuna.

Mimi ni Mwalimu Kilonzo. Nilifundisha Hisabati, kisha nikawa naibu wa mwalimu mkuu, na nidhamu ya shule nzima ikawa mikononi mwangu. Watoto waliniita Karao, yaani polisi, wakidhani sijui. Nawashauri mlijue jina lenu la utani mapema. Simama karibu na choo cha wavulana wakati wa mapumziko, jifanye unakagua bomba la maji, na utalisikia. Ukilisikia usikasirike, maana likibadilishwa litakuwa baya zaidi.

Siku zile mwalimu bila kiboko alikuwa kama askari bila kofia. Changu kilikatwa na fundi wa akala, vile viatu vya matairi, pale sokoni. Alichagua tairi lililolainika, akanikatia ukanda mwembamba, akauviringisha mkononi kuupima, akacheka. Nilikuwa na ujuzi wangu katika mambo hayo. Watoto walikuwa wakificha daftari ndani ya kaptura, na mimi nilikuwa najua kwa kusikia tu. Kiboko kikitua juu ya daftari kina sauti yake, na kikitua juu ya kitambaa kina sauti nyingine. Siku moja nilimsimamisha kijana mmoja mnene kupita kawaida yake, nikatoa ndani ya kaptura yake daftari la Sayansi, gazeti la juzi na Agano Jipya. Nikabaki nimeinua mkono bila kujua nimpige wapi. Nikamwambia aende darasani akalisome hilo Agano Jipya.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Ndambuki, mzee wa kwetu Machakos ambaye sasa ni marehemu. Alinipokea siku yangu ya kwanza, akanionyesha mahali pa kuning'iniza koti, kisha akanipa kanuni mbili. Ya kwanza: kila mtoto apewe lengo la mtihani, na kila alama inayopungua alipwe kiboko kimoja. Ya pili ilikuwa ya sisi walimu wenyewe. "Mtoto wako akisoma shule hii," akasema, "mpige yeye kwanza, tena mbele ya wenzake. Hapo hakuna mzazi atakayekuja kukusumbua." Kanuni hiyo ya pili haikuandikwa popote, lakini kila mwalimu wa mitaa yetu aliijua. Watoto wa walimu waliadhibiwa mara mbili, mara moja kwa kosa lao na mara moja kwa sababu ya baba au mama yao. Na shuleni walituita Mwalimu kama wengine wote. Ole wake aliyesahau akaita Baba.

Binti yangu Mumbua alisoma shule hiyo. Hakuwahi kusahau. Hata nyumbani, nilipomfundisha Hisabati mezani, aliniita Mwalimu, na mimi nikaona ni adabu.

Kisha sheria ikakataza kiboko. Tukaitwa kwenye mkutano, tukaambiwa mtoto ana haki, na haki moja ni kutopigwa. Chumba cha walimu kilijaa kicheko. Mmoja akauliza haki za mwalimu ziko wapi, mwingine akasema wastani wa shule utashuka mpaka ufike chini ya lami. Mimi sikucheka. Niliweka kiboko changu nyuma ya kabati la ramani, mahali ambapo mkono wangu ungekifikia, nikasubiri wastani ushuke ili nikitoe.

Ndipo Halima akaletwa kwetu. Alizaliwa na kulelewa Pumwani, mwanamke mfupi, sauti yake ya chini mpaka mtu wa nyuma alilazimika kunyamaza ili amsikie. Darasa la sita lilikuwa na mikondo miwili, Mashariki na Magharibi. Mashariki ilikuwa yangu, Magharibi akapewa yeye. Na kwa kuwa shule haikuruhusu mwalimu kumfundisha mwanawe, Mumbua alikuwa Magharibi. Kwa hiyo mtoto wa mwalimu wa Hisabati, mtoto wa naibu wa mwalimu mkuu, alifundishwa Hisabati na mgeni.

Lazima niwaeleze Mumbua alikuwaje kwenye Hisabati. Alikuwa anabururwa. Kila jioni baada ya chai nilimketisha mezani. Nilimuuliza saba mara nane, akanyamaza. Nikamuuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, akaangalia meza. Mama yake alikuwa akikumbuka ghafla kwamba kuna sufuria za kuosha, akaenda jikoni akazigonganisha. Mimi nilisema mtoto huyu ni mkaidi, kwa sababu jibu la makosa ningelielewa, lakini kunyamaza ni dharau. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Muhula wa kwanza ukaisha, matokeo yakasomwa kwenye gwaride. Magharibi iliipita Mashariki. Haikuwahi kutokea tangu nishike Mashariki. Na Mumbua, aliyekuwa mkiani, akawa katikati ya darasa. Baba mwingine angeruka. Mimi nilifurahi jinsi mtu anavyofurahia harusi ya mchumba wake wa zamani. Ndani ya chumba cha walimu mwenzangu mmoja akampa Halima mkono na kusema, "Halima, umemwangusha Karao." Ndio nikajua kwamba hata walimu waliniita hivyo. Halima hakucheka. Alinijazia kikombe chai akaniwekea mbele yangu, na mimi sikukigusa.

Nilitafuta sababu, na mtu mwenye wivu hakosi sababu. Kwanza nilisema anampendelea mwanangu ili anipendeze. Kisha nikasema amepata bahati ya watoto werevu, ingawa mimi ndiye niliyewagawa. Mwishowe nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia darasa la Halima ni soko, makelele yanavuka ukuta mpaka watu wangu hawasikii. Mwalimu mkuu alikuwa akila mandazi. Akasema, "Basi soko hilo limekushinda, Kilonzo."

Msidhani Halima alikuwa laini. Hapo ndipo wengi wenu mnapokosea. Mnasikia haki za watoto mnadhani ni kumwacha mtoto afanye atakavyo. Mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani kwa Halima alibaki akaifanya wakati wenzake wanacheza. Akirudia, Halima alifunga mkoba wake jioni, akamshika mkono akaandamana naye mpaka kwao, ngazi baada ya ngazi katika zile ghorofa za Kariokor, akakaa kwenye kiti cha mama yake akaeleza kisa chote bila kupandisha sauti. Majirani wote walimwona mwalimu akiingia. Watoto waliiogopa safari hiyo kuliko moto. Siku moja msichana wa Magharibi alinijia ofisini machozi yakimtoka. "Mwalimu, si unichape tu niende? Usiniambie nirudi kwa Mwalimu Halima. Yeye atakuja kwetu." Jamani, nilikuwa nimekuwa adhabu nafuu. Nilimrudisha kwa Halima nikiwa nimeudhika sana.

Muhula wa pili Magharibi ikatupita tena. Sikuweza kuvumilia. Naibu ana haki ya kukagua somo lolote, na mimi nikaitumia haki hiyo. Darasa la Halima lilikuwa na mlango wa nyuma. Niliingia polepole wakati watoto wote wameangalia ubaoni, nikaketi kwenye dawati la mwisho, magoti yakinigusa kidevu. Watoto wa karibu waliniona wakakauka, lakini wa mbele hawakujua. Mumbua alikuwa mbele.

Ubaoni Halima alikuwa ameandika nusu jumlisha theluthi, na pembeni jibu: mbili kwa tano, yaani mbili juu na tano chini. Nyinyi wa Hisabati mnajua jibu hilo. Nimelipigia watoto viboko mpaka bega likaniuma. Yeye akalizungushia duara kwa chaki ya rangi akasema, "Hili nimelikuta kwenye daftari za watu wengi. Si sahihi, lakini halikutoka hewani. Nani atanionyesha lilitoka wapi?"

Mkono wa Mumbua ukawa wa kwanza. "Ni langu, Mwalimu," akasema, na alikuwa anacheka. "Nilijumlisha za juu na za juu, za chini na za chini."

"Na kwa nini uliona ni sawa?"

"Kwa sababu tukizidisha si ndivyo tunafanya? Juu kwa juu, chini kwa chini."

"Ahaa. Sasa umenionyesha mahali penyewe," Halima akasema, akachora mstari chini ya alama ya kujumlisha.

Mtoto mwingine akadakia bila kuinua mkono, "Lakini ticha, hiyo haiwezi. Uko na nusu mkate, unaongezewa, alafu unapata mdogo kuliko wenye ulikuwa nao? Hapo umeibiwa." Darasa likaangua kicheko, na Mumbua akacheka kuliko wote, akicheka kosa lake mwenyewe. Halima akawaacha wacheke mpaka wakachoka, kisha akawauliza mkate wa nusu na wa theluthi wangeukata vipi ili vipande vilingane. Mkono wa Mumbua ukapanda tena. Akiwa ameuinua hivyo akageuka nyuma kucheka na marafiki zake, akaniona.

Mkono ukashuka. Mdomo ukafungwa, na uso ukawa ule ninaoujua mimi, uso wa mezani kwetu. Hakusema neno lingine hadi nilipotoka. Halima aliona yote. Alinitazama mara moja akaendelea na somo, na hata baadaye hakuniambia kitu. Angenisuta ningemjibu. Kunyamaza kwake ndiko sijamsamehe hadi leo.

Nilirudi ofisini nikakaa. Mtoto wangu alikuwa na makosa mengi tena ya akili, makosa yenye sababu zake, na yote alikuwa anampa Halima. Mimi nilikuwa sijawahi kupewa hata moja. Mnaweza kucheka kwamba mtu mzima aliona wivu kwa sababu ya jibu la mbili kwa tano, lakini ndivyo ilivyokuwa, na uliniuma kuliko wastani wa darasa.

Sasa sikieni la kazi, maana ndilo mlilonijia. Jibu sahihi halikwambii sana mtoto anawazaje, huenda amekariri au amechungulia kwa jirani. Jibu la makosa hukwambia. Hukuonyesha aliposhika njia na alipoiacha, na ukipaona unapatengeneza siku hiyo hiyo. Kiboko hakiondoi kosa. Kinalificha tu, na mtoto anaingia nalo kwenye chumba cha mtihani likiwa zima. Wale waliosema wastani utashuka bila kiboko walikuwa wakihesabu kelele. Darasa langu lilikuwa kimya kama msikiti mchana wa kazi, nami nilijivunia kimya hicho miaka yote bila kuuliza kina nini ndani yake.

Niliichukua mbinu ya Halima. Kiboko nilikitoa nyuma ya kabati nikampelekea yule fundi wa akala, akakitumia kufunga mzigo. Nikaandika jibu la makosa ubaoni nikauliza lilitoka wapi. Watoto wa Mashariki wakaniangalia. Nikasubiri. Wakaendelea kuniangalia, maana waliona ni mtego wa Karao kuwatafuta wenye makosa. Ilichukua muda mrefu kabla mkono wa kwanza kuinuka, na ulikuwa wa mtoto mgeni aliyehamia kutoka Mombasa na hakujua historia yangu. Kwa hiyo nawaonya: uoga unaingia darasani kwa siku moja, lakini kuutoa ni kazi ya muda. Matokeo ya Mashariki yalipanda. Ya Halima hatukuyafikia kamwe.

Baadaye nikaalikwa kwenye semina ya walimu wa Hisabati. Niliieleza mbinu hiyo vizuri sana, na mfano wa mkate nikautia, nikasahau kusema nimeitoa wapi. Ukumbi ukanipigia makofi. Halima alikuwa safu ya mbele naye akapiga makofi, tena kwa furaha ya kweli. Nikarudi nyumbani na hasira.

Mumbua alikua, akasoma, akawa mwalimu. Mlitarajia angefuata nyayo zangu, sivyo? Mimi pia. Lakini siku ya kupokea cheti chake alipita nyumbani kwetu akiwa njiani kwenda kwa Halima. Kila Idi anakwenda kula pilau kwake. Akija kwetu hatukosi kusikia Mwalimu Halima amesema hivi, Mwalimu Halima anaonaje vile. Mama yake hunitazama nikikunja gazeti. Nami humwuliza Mumbua shule inaendeleaje, naye hunijibu, "Poa, Baba. Hakuna shida." Kwa miaka yote hiyo nimepewa majibu sahihi peke yake.

Sasa niwaambie la mwaka huu.

Nilikuwa nimekwenda Muthurwa kununua vitunguu, na nani ninamkuta kwenye meza hiyo hiyo? Halima, amevaa buibui lake jeusi, anachagua kimoja kimoja.

"Mwalimu Kilonzo. Habari za siku nyingi?"

"Njema, Mwalimu. Za kwako?"

"Alhamdulillahi." Akaweka kitunguu chini akanishika mkono. "Pole sana kwa hili la Mumbua. Tunamwombea."

Sikujua anaongea habari gani. Nikafikiri ugonjwa, nikafikiri ndoa. Lakini kumwambia Halima kwamba yeye anajua jambo la mwanangu ambalo mimi silijui, hilo singeliweza. Nikasema, "Asante. Tunashukuru. Ndiyo maisha."

"Ndiyo maisha," akasema.

"Na wewe unalionaje?" nikamwuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulitazama jambo pande zote.

"Mimi naona watamrudisha. Mzazi wa yule mtoto amekubali wakae chini waongee. Kofi moja si la kumfukuzisha mtu kazi, lakini si la kufunika pia. Nilimwambia hivyo."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mumbua anafundisha gredi ya tano katika shule ya binafsi kule Donholm. Alikuwa amempiga mtoto kofi, mzazi akaja juu, na shule ikamwambia akae nyumbani mpaka jambo lizungumzwe. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha ulimi ukaniponyoka. "Alikuambia lini?"

"Siku ile ile. Alitoka shuleni akaja moja kwa moja." Hapo akaniangalia, na akaelewa. Akatazama vitunguu. "Nilidhani alianzia kwako," akasema polepole. "Nenda kwake leo, Mwalimu. Usingoje."

Hata ushauri wa kwenda kwa mwanangu mwenyewe nikapewa na yeye.

Nilishika njia ya Donholm nikiwa nachemka. Ingekuwa ni mambo ya moyo, sawa, mwanamke huenda kwa mwanamke. Ingekuwa ni ugonjwa, ningeelewa. Lakini ni kofi! Nani katika mitaa hii yote anajua habari za kumpiga mtoto kuliko mimi? Hilo lilikuwa shamba langu. Halima hajawahi kumwinulia mtoto hata kidole, angeelewa nini? Na bado mwanangu alimpita baba yake akalipeleka kwake. Wivu wa siku zile za mtihani ulikuwa mchezo. Huu ndio wenyewe.

Lakini kadiri nilivyokaribia nikaanza kutulia, kwa maana niliona kwamba safari hii nina kitu ambacho Halima hana. Halima amemwambia si la kufunika, yaani amemlaumu. Mimi nitasimama upande wake. Nikayapanga maneno yangu vizuri, jinsi nilivyokuwa nikipanga maandalio ya somo. Nitamwambia wazazi wa siku hizi wanadekeza. Nitamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Nitamwambia, usiinamishe kichwa, mwanangu, ulifanya vizuri. Maneno hayo yalinipendeza sana. Niliona yatamrudisha kwangu.

Mumbua akanifungulia mlango akiwa amevaa dera, siku ya kazi, saa za masomo. "Baba. Karibu. Mbona hukupiga simu?"

"Nilikuwa napita."

Donholm si mahali pa kupita ukitoka Muthurwa kwenda kwetu, na yeye anajua. Akaweka chai. Akaketi mbele yangu akauzungusha mfuniko wa chupa ya chai bila kuufungua. "Umeonana na Mwalimu Halima," akasema.

"Tumekutana sokoni."

"Sawa." Akavuta pumzi. "Ni msichana mmoja, anakaa dawati la mbele. Nilimwuliza swali akanyamaza. Nikamwuliza tena akanyamaza. Baba, kule kunyamaza kulinipandisha hasira sijui ilitoka wapi, mkono ukaenda wenyewe. Alafu hakulia. Aliangalia dawati tu. Na mimi hiyo sura naijua."

Nilijua nilipaswa kumshika mkono. Nilijua pia kwamba mambo ya kuuliza yalikuwa mengine: kazi yake, yule mtoto, mkutano ni lini. Lakini nilikuwa nimebeba wivu tangu sokoni, na ndio ulioongea.

"Na ukaenda kwa Halima."

"Nilienda kwa Mwalimu Halima."

"Alikuambia nini hicho ambacho mimi nisingekuambia?"

"Aliniambia nimekosea. Akaniuliza nitamwambiaje yule mtoto nikimwona. Tukakaa tukafikiri pamoja." Akaacha kuzungusha mfuniko. "Nilihitaji mtu wa kuniambia nimekosea, Baba."

"Na mimi je? Mimi babako, mwalimu wa miaka yote hii. Kwa nini hukuja kwangu?"

Alinitazama usoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Kwa sababu nilijua wewe ungeniambia nimefanya vizuri."

Maneno yenyewe yalikuwa mdomoni tayari. Nikachukua kikombe nikanywa, ili yasitoke.